Kishikwambi Kimepata Kazi Mpya: Datawrapper na Canva Kwenye Darasa la Kwa Mathias

Mguso mmoja tu! Unafungua Datawrapper kwenye kivinjari, unabonyeza kitufe cha kuanza chati mpya, na kabla hujaulizwa jina wala baruapepe umeshawekewa mahali pa kubandika namba zako. Nimeifungua kwenye kishikwambi hapa Kwa Mathias, Kibaha, malori ya Barabara ya Morogoro yakinguruma na makonda wa daladala wakiita abiria wa Mbezi, na nakwambia, mwalimu mwenzangu, sijaona zana ya bure inayoziheshimu namba kiasi hiki. Chati imesimama kwenye kioo safi kabisa, mizani imekaa sawa, maneno yanasomeka, na wala sijagusa rangi hata moja. Nikaiangalia tena nikijua lazima mahali fulani pana kosa. Hapana kosa!

Nimekuwa nikitafuta zana ya mtandaoni ya kutengenezea infografiki darasani, zile picha zinazobeba takwimu, mchoro na maneno machache kwenye ukurasa mmoja, mtoto akaelewa kwa kutazama kile ambacho kitabu kingekieleza kwa kurasa tatu. Zana zimejaa tele. Lakini nilikuwa nataka ile itakayofanya kazi na vifaa tulivyonavyo sisi, na kifaa tulichonacho kinajulikana: kishikwambi.

Hapa naomba niseme jambo linalonisisimua kuliko yote. Vishikwambi hivi ndivyo vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022. Makarani walipita navyo nyumba kwa nyumba, na hesabu ilipofungwa tukaambiwa tuko watu 61,741,120: wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Baada ya hapo serikali ikavigawa kwa walimu. Fikiria hilo vizuri. Kifaa kilichobisha hodi kwa watu kuwahesabu sasa kiko mkononi mwa mwalimu, na kinaweza kuichora hesabu ile ile mbele ya watoto waliohesabiwa! Wengi wetu tumekuwa tukikitumia kusoma vitabu vya Taasisi ya Elimu na kuangalia ujumbe wa kikundi cha kazini. Kina uwezo mkubwa zaidi ya hapo.

Sasa twende kwenye jaribio lenyewe, maana hapa ndipo Datawrapper iliponishika.

Chukua sensa zote tangu 1967. Mwaka huo Tanzania ilikuwa na watu milioni 12.3. Mwaka 1978 tukawa milioni 17.5, mwaka 1988 milioni 23.1, mwaka 2002 milioni 34.4, mwaka 2012 milioni 44.9, na mwaka 2022 milioni 61.7. Ni mistari sita tu, mtoto wa kidato cha pili anaiandika kwa dakika chache. Lakini itazame tena hiyo miaka. Kutoka 1967 hadi 1978 ni miaka 11. Kutoka 1978 hadi 1988 ni 10. Kutoka 1988 hadi 2002 ni miaka 14! Kisha inarudi kumi, kumi.

Programu nyingi za usanifu huichukua miaka kama majina tu, kama vile ungeandika Kibaha, Mlandizi, Chalinze, na kuipanga kwa nafasi zinazolingana. Chati inatoka ya kupendeza, na inasema uongo. Mstari unapanda kwa nguvu kati ya 1988 na 2002, halafu unaonekana kulegea kidogo kuelekea 2012. Mwanafunzi makini kabisa ataandika chini yake kwamba baada ya 2002 idadi ya watu wanaoongezeka kila mwaka ilipungua. Chukua kalamu ugawanye. Kati ya 1988 na 2002 tuliongezeka milioni 11.3 kwa miaka 14, yaani kama watu 810,000 kila mwaka. Kati ya 2002 na 2012 tuliongezeka milioni 10.5 kwa miaka 10, yaani zaidi ya milioni moja kila mwaka. Na muongo uliofuata, kama milioni 1.7 kila mwaka. Mstari haukulegea popote. Umezidi kusimama kila sensa!

Datawrapper iliitambua miaka hiyo kuwa ni tarehe, ikaipa ile 14 nafasi yake na ile 10 nafasi yake, na mstari wa kweli ukajitokeza. Sikuiomba. Sikuielekeza. Ilijua yenyewe. Niliwageuzia kioo vijana niliokuwa nao, chati mbili zikiwa kando kwa kando, namba zile zile, na nikawauliza ipi inasema kweli. Kulikuwa na ubishi hapo! Mmoja akasimama kutetea ile ya uongo kwa sababu ilikuwa na rangi nzuri. Mwenzake akamnyang'anya daftari akaanza kugawanya. Huo ndio mjadala wa takwimu ambao kwa miaka nimekuwa nikiutamani, na haukuletwa na hotuba yangu, umeletwa na nafasi kati ya nukta mbili.

(Ukitaka kuwachokoza zaidi, wape asilimia. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inatoa wastani wa ongezeko la asilimia 2.7 kwa mwaka kati ya 2002 na 2012, na asilimia 3.2 kati ya 2012 na 2022, na kabla ya hapo ilikuwa 2.9. Kwa asilimia, kweli palikuwa na kushuka kidogo. Idadi ilipanda, asilimia ikashuka, na zote mbili ni kweli. Mpe kila kundi chati yake, halafu kaa pembeni usikilize.)

Zana hii ilianza mwaka 2012 nchini Ujerumani, ndani ya taasisi ya kufundisha waandishi wa habari, na asili hiyo inaonekana kila unapogusa. Imegawanywa hatua nne: kuingiza takwimu, kuzikagua, kuzichora, kuzitoa. Kwenye hatua ya kukagua inakuonyesha safu za namba na safu za maneno kwa rangi tofauti, kwa hiyo mtoto aliyeandika herufi O badala ya sifuri anaona mara moja kwamba kuna kitu hakijakaa. Grafu ya mihimili inaanzia sifuri yenyewe. Ina kipimo cha kukuonyesha chati yako itaonekanaje kwa mtu asiyetofautisha rangi, na kwenye darasa la watoto wengi huwezi kujua ni yupi hauoni wekundu na ukijani kama wenzake. Unaandika kichwa cha habari kwa Kiswahili, maelezo kwa Kiswahili, na kuna mahali maalumu pa kutaja chanzo cha takwimu. Hapo pa chanzo ndipo mtoto anapojifunza kwamba namba ina mwenyewe. Vitufe vyake ni vya Kiingereza, lakini ni vichache, na kwa saa moja watoto wamevizoea. Ukitaka kuitoa picha ndipo unapojisajili, na usajili ni bure.

Na ramani! Unachagua ramani ya mikoa, unaweka namba ya kila mkoa, na rangi inajipanga kutoka hafifu hadi nzito. Mkoa wetu wa Pwani ulikuwa na watu milioni 1.1 mwaka 2012. Mwaka 2022 umevuka milioni 2. Karibu mara mbili, kwa miaka kumi! Mtoto wa Kwa Mathias ameiona hiyo kwa macho: mikorosho imekatwa, viwanja vimepimwa, nyumba za bati la rangi zimeota mpaka Tumbi na kwingineko. Aliiona bila kujua kwamba ina namba. Ukimwekea ramani yenye mabadiliko ya kila mkoa, Pwani inang'aa, na anajua amesimama ndani ya ile rangi nzito.

Lakini infografiki si chati peke yake, na hapa ndipo Canva inapoingia kwa kishindo. Datawrapper inakupa ukweli wa namba, Canva inakupa bango. Ukiziunganisha mbili hizi, basi, umemaliza! Unaitoa chati ya Datawrapper kama picha, unaipandisha Canva, unaizungushia kichwa cha habari kikubwa, michoro, mishale na sentensi mbili tatu, na kitu kinachotoka kinaweza kubandikwa ukutani kwenye hospitali ya mkoa pale Tumbi bila aibu.

Canva ilizinduliwa mwaka 2013 nchini Australia. Mwanzilishi wake mkuu, Melanie Perkins, alikuwa akiwafundisha wanafunzi wenzake chuoni programu za usanifu za wakati ule, akaona wanahangaika muda mrefu kujifunza tu vitufe viko wapi. Kabla ya Canva alianza na kampuni ya kutengeneza vitabu vya kumbukumbu vya shule. Nayataja haya kwa sababu ukiishika zana yenyewe unahisi kwamba imezaliwa darasani. Mtoto ambaye hajawahi kugusa kompyuta anaburuta picha kwa kidole, anaiweka anapotaka, anakuza, anapunguza, na mistari midogo ya zambarau inajitokeza kumwonyesha kwamba sasa viwili hivi vimelingana. Hakuna aliyemfundisha. Amejua!

Kuna toleo la Canva kwa ajili ya elimu, na ni bure kwa mwalimu wa msingi na sekondari aliyethibitishwa, pamoja na wanafunzi wake. Unatuma uthibitisho kwamba wewe ni mwalimu, unasubiri wakukubali, kisha unafunguliwa vitu ambavyo wengine wanavilipia. Kimojawapo ni cha kuondoa mandhari ya nyuma ya picha, na hicho nakipigia debe mchana kutwa. Michoro iliyomo humo mingi ni ya nchi nyingine: basi la shule la njano, sarafu za dola, nyumba zenye bomba la moshi. Sasa mtume mtoto akapige picha ya daladala kituoni, ya ndoo ya maji, ya mti wa mkorosho uliobakia nyuma ya shule. Gusa mara moja, mandhari inaondoka, na umebaki na daladala yenu wenyewe imekatwa vizuri, tayari kuwekwa kwenye bango. Watoto walipoona daladala wanayoipanda kila siku imekuwa mchoro wa kitaalamu, walipiga makofi.

Nataka nikae kidogo kwenye picha hizi, maana zina mtego. Tuchukue maji. Mitambo ya DAWASA ya Ruvu Juu, hapa jirani Mlandizi, ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Ile ya Ruvu Chini, Bagamoyo, lita milioni 270. Mtoto anataka kuonyesha tofauti kwa picha mbili za pipa. Analikuza pipa la Ruvu Chini mpaka urefu wake ulingane na 270, la Ruvu Juu mpaka 196. Ni haki? Si haki. Pipa likikuzwa kwenda juu linatanuka na pembeni pia, na jicho linapima eneo lote, halipimi urefu peke yake. Ruvu Juu itaonekana kama nusu ya Ruvu Chini, wakati kwa kweli ni karibu robo tatu yake. Nusu na robo tatu! Nani amedanganya? Namba zote mbili zilikuwa sahihi.

Dawa yake ilishapatikana mjini Vienna miaka ya 1920, kwa Otto Neurath, aliyeanzisha huko jumba la makumbusho mwaka 1925 ili wafanyakazi wa kawaida waweze kusoma takwimu za mji wao kwa picha. Kanuni yake ni nyepesi: usikuze picha, irudie. Ndoo moja iwe lita milioni 10. Ruvu Chini ipate ndoo 27, Ruvu Juu ndoo 19 na nusu na kipande kidogo. Kwenye Canva hiyo ni kazi ya kunakili ndoo moja na kuibandika, na programu inazipanga kwa nafasi sawa ukiiambia. Mtoto wa darasa la nne anaweza. Na grafu za picha wanazozisoma kwenye Hisabati ni hizo hizo, sasa zimepata uhai.

Mfano wa pili niliotengeneza na watoto ulinitoa machozi ya furaha. Hapa Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu vya kibaiolojia, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, kinachotengeneza dawa ya kuua viluwiluwi wa mbu. Watoto wanapita karibu nacho. Wanajua pia mzunguko wa maisha ya mbu, yai, kiluwiluwi, pupa, mbu kamili, kwa sababu wameukariri. Lakini kuviunganisha viwili hivyo? Tukaweka duara lenye hatua nne kwenye Canva, tukapaka rangi ya bluu hatua tatu za kwanza, maana zote hutokea majini, tukaacha ya nne nje ya maji. Kisha mshale mmoja mwekundu ukielekea hatua ya pili, umeandikwa: kiwanda chetu kinapiga hapa. Chandarua kinapiga hatua ya nne, kwa hiyo tukaweka mshale mwingine upande wa pili. Ghafla binti mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe kumwaga maji yaliyotuama kunapiga hatua zote tatu!" Hakusoma hilo popote. Aliliona kwenye rangi ya bluu.

Takwimu zenu wenyewe ndizo tamu kuliko zote. Wapeleke watoto kituoni Kwa Mathias na daftari, wasimame salama mbali na barabara, wahesabu vyombo vinavyopita: daladala, mabasi ya mikoani, malori, bodaboda, bajaji. Mistari minne, wa tano unaikata, kama tulivyofundishwa sote. Ubishi utaanza hapo hapo barabarani. Bajaji iwe na safu yake au iingie pamoja na bodaboda? Basi la Morogoro lililosimama kushusha abiria mmoja linahesabiwa au halihesabiwi? Gari la magazeti je? Wakikubaliana kwamba kila kitu lazima kiwe na safu moja tu na kanuni moja tu, wameshajifunza kitu ambacho watafiti wakubwa wanakipigania. Zana yoyote itakayofuata itakuwa inachora kitu wanachokimiliki.

Na hili la kumiliki lina historia nzuri. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, msomi Mmarekani mweusi W. E. B. Du Bois alipeleka seti ya chati kuhusu maisha ya watu weusi wa Marekani baada ya utumwa: ardhi waliyonunua, shule walizosoma, kazi walizofanya. Alizitengeneza pamoja na wanafunzi wake na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Atlanta, kwa mkono, kwa wino na rangi za maji. Ukiziangalia leo zinaonekana kama zimetoka kwenye studio ya kisasa. Kwa hiyo mwalimu ambaye shule yake haina kishikwambi hata kimoja kinachowaka asikate tamaa; karatasi ya manila na makapeni vinaweza kufanya infografiki ya kweli. Mimi mwenyewe bado naanza kwenye manila. Watoto wachore kwanza kwa penseli wanataka kusema nini, ndipo waguse kioo. Anayeanza na kioo atapotea kwenye kuchagua rangi mpaka kengele igonge.

Zipo zana nyingine, nazipitia haraka. Flourish, ambayo tangu 2022 iko chini ya Canva, inafanya chati zinazotembea: mihimili inakimbizana mwaka hadi mwaka, na watoto wanashangilia kama wako uwanjani. Ni nzuri sana kwa projekta, haina maana kwenye karatasi. Piktochart ya Malaysia na Infogram iliyoanzia Latvia zimetengenezwa mahsusi kwa ajili ya infografiki na zina violezo vya kuvutia. Baadhi ya zana hizi, na hapa naomba usikilize, zinakuacha uhangaike bure mpaka kazi inakamilika, halafu ukitaka kuipakua ndipo zinapokuomba kadi ya benki. Usiwafanyie watoto hivyo. Kabla hujaingia darasani, tengeneza kitu kidogo cha dakika mbili na ukitoe mpaka kiwe faili kwenye kishikwambi chako. Zana isiyopita mtihani huo ifute.

Kwa shule ambazo intaneti inakuja na kuondoka, Google Slides inakuwezesha kufanya kazi bila mtandao ukiwa umeshaliwezesha faili lako mapema, na mtandao ukirudi inajipanga yenyewe. LibreOffice kwenye kompyuta mpakato haihitaji bando hata kidogo, na ina mahali pa kuchorea pazuri kuliko watu wanavyodhani. Havina mng'ao wa Canva, lakini vinafanya kazi siku ambayo bando limekata, na siku hizo tunazijua.

Kuhusu bando lenyewe: Datawrapper inafanya kazi na maandishi na namba, kwa hiyo hailii sana. Canva inapakua picha nyingi, kwa hiyo inakula. Gawa watoto makundi, kila kundi kishikwambi kimoja, na wewe uwashe mtandao wa simu yako kwa muda wa kubandika na kupakua tu. Michoro waliyoipanga kwenye manila itawaokoa hapo, maana wanaingia wakijua wanachokifuata.

Kazi ikiisha ina njia mbili za kutoka nje ya darasa. Ya kwanza ni WhatsApp, na hapa kuna kosa ambalo nimeliona kila kona: ukituma infografiki kama picha ya kawaida inabanwa, maandishi madogo yanakuwa ukungu, na mzazi anaona rangi tu. Itume kama dokumenti. Itafika kama ilivyotoka. Ya pili ni karatasi. Itoe kama PDF, ipeleke steshenari, waambie wakuchapie kwenye A3. Ukijua kwamba itachapwa kwa wino mweusi tu, ijaribu mapema: geuza bango lako liwe la kijivu kwenye kioo uone kama mihimili bado inatofautiana. Nyekundu na kijani zikigeuka kijivu zinaweza kuwa kitu kimoja. Weka nyeusi na nyepesi, na uandike jina la kila mhimili palepale juu yake badala ya kuweka kisanduku cha maelezo pembeni.

Neno moja zito kuhusu watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na inafanya kazi, na hata isingekuwepo, utu upo. Usiweke majina, sura wala alama za mitihani za wanafunzi kwenye zana ya mtandaoni. Kwenye toleo la bure la Flourish takwimu unazochapisha zinaonekana na yeyote. Vyombo vya barabarani, mvua ya masika, maji ya Ruvu, bei ya mihogo sokoni: hivyo vinatosha mwaka mzima. Na hizi zana mpya zinazokuandikia bango zima kwa akili bandia ukiziambia neno moja? Zitumie kupata wazo la mpangilio. Namba zisitoke humo kamwe. Namba itoke kwenye daftari la mtoto au kwenye taarifa ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na chini yake iandikwe ilikotoka.

Kibaha ni mahali pake kabisa pa kuyaanza haya. Shirika la Elimu Kibaha lilianzishwa hapa mwaka 1963 kwa msaada wa Denmark, Finland, Norway na Sweden, likakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970, shule, hospitali na maktaba pamoja, kwa ajili ya kupambana na ujinga, umaskini na maradhi. Mji uliozaliwa na wazo hilo unastahili watoto wanaoweza kusoma mstari uliopinda na kuuliza kwa nini umepinda. Na majirani zetu wa Kisarawe wasibaki nyuma: wana msitu wa Pugu na Kazimzumbwi mlangoni, na ramani moja nzuri ya msitu huo iliyotengenezwa na wanafunzi wa huko nitaisafiria kwenda kuiona.

Uamuzi wangu, basi, baada ya kuzishika zote: Datawrapper kwa ajili ya chati na ramani, Canva ya elimu kwa ajili ya bango, Google Slides ikae akiba. Tuma uthibitisho wako wa ualimu Canva leo hii ili ukubaliwe kabla ya kufungua shule. Wakati unasubiri, fungua Datawrapper, andika ile miaka sita ya sensa na namba zake, uiweke kwenye grafu ya mstari, na uwe nayo tayari kwenye kishikwambi. Kipindi cha kwanza waonyeshe bila kusema kitu, waulize miaka gani mstari umesimama zaidi, na uwape rula wapime.